Harufu ya Meli Ngokolo

Kwa karibu miaka mitatu nyumba yetu ya Ngokolo ilinuka meli, na kati yetu wanawake watatu tuliokuwa tukiishi humo hakuna aliyewahi kuiona meli kwa macho yake. Aliyezijua ni marehemu baba. Alizaliwa Pangani, akaletwa bara na kazi ya reli, akaishia kuwashonea makoti wafanyabiashara wa pamba pale Shinyanga mjini, na akaoa binti wa Kisukuma kutoka Didia, ambaye ndiye mama yetu. Mfereji wa Suez ulipofungwa kwa sababu ya vita, mimi nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, vitambaa vya baba vilichelewa kufika. Alichukua chaki yake ya kushonea, akatuchorea sakafuni jinsi meli zinavyolazimika kuizunguka Afrika yote. Mimi niliona mistari. Kaka yangu aliona njia. Alirudia kuichora siku baada ya siku mpaka mama akachoka kupiga deki.

Akaishika njia hiyo kweli. Alianza na ufundi wa mitambo Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, akazizoea injini kubwa, kisha akaenda Tanga kwa ndugu za baba, na Tanga ndiko alikopata meli. Miaka ya themanini ilipoanza alikuwa fundi wa chumba cha injini katika meli ya kubeba mafuta ghafi. Akija likizo alishuka stesheni ya Shinyanga na viatu vizuri, akawa anatembea mjini kama mtu anayeiogopa ardhi kidogo. Alisema ardhi haichezi na hilo linamchosha.

Mke wake, wifi yangu, alikuwa mshonaji. Alirithi cherehani ya baba na sifa ya baba. Mashati yote ya kaka aliyashona yeye, na kila shati alilikaza kifungo cha mwisho kwa uzi mwekundu, hata shati liwe jeupe namna gani, ili kaka aweze kulitambua shati lake melini, kwenye kamba ya kuanikia nguo za watu wengi. Kaka alilalamika kwamba mabaharia wenzake wanamcheka. Wifi akamwambia, "Waache wacheke, mradi wasilivae."

Hawakujaliwa mtoto. Hilo lilisemwa sana kwenye foleni ya bomba la maji, na safari ya kaka ilivyozidi kuwa ndefu ndivyo maneno yalivyozidi. Mwanamke mmoja alimwambia mbele za watu kwamba mumewe keshaoa Mwarabu huko aliko. Wifi akajitwisha ndoo yake, akajibu kwamba itakuwa heri, maana mke mwenza wa Kiarabu atamletea ubani na hapa Shinyanga ubani umeadimika. Watu walicheka. Yeye hakucheka mpaka alipofika nyumbani, na hapo napo hakikuwa kicheko.

Habari za vita ya Ghuba tulizipata kwa redio ya mama. Betri zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo tulizianika juu ya bati zipate joto, na jioni zilitupatia taarifa ya habari moja kabla sauti haijaanza kuzama. Irani na Iraki zilikuwa zikipigana, na vita ikaingia majini. Tukasikia kwamba meli za mafuta zinalengwa, kwamba mabomu yametegwa baharini, kwamba hata meli za nchi zisizo na ugomvi na mtu hazina usalama zikipita pale. Mama hakukisikia sana Kiswahili cha redioni. Aliniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na jiografia nilifaulu, kama mtu anaweza kutega mtego ndani ya maji ambayo kila mtu anayapita. Nikamwambia inawezekana. Akauliza mtego utajuaje nani adui na nani mpita njia. Nikamwambia haujui.

Aliyetuletea habari yetu alikuja mwenyewe, kwa treni, mchana wa joto kali. Alikuwa baharia mwenzake kaka, mtu wa Tanga, mrefu, amekonda. Aliketi akaupa mgongo ukuta na akaomba mlango usifungwe. Karibu naye, sakafuni, aliliweka begi la turubai la buluu, limefungwa kwa kamba, limepakaa masizi upande mmoja. Harufu iliingia pamoja nalo: mafuta mazito, moshi wa kale, na kitu cha chumvi kama samaki aliyekaushwa.

Alitueleza polepole, na sehemu nyingine alizieleza mara mbili. Walikuwa wametia mafuta na wanatoka Ghuba. Nahodha aliamuru taa zizimwe na madirisha yazibwe. Bendera ilikuwa imechorwa kubwa juu ya sitaha ili ndege za vita ziione, lakini mtego wa majini hausomi bendera. Mabaharia wengi walilala nje na maboya yao kifuani. Kaka yangu alikuwa zamu, chini, kwenye injini. Mtego ulipolipuka, yule bwana alidhani wamegonga mwamba. Kisha moto ukapanda kutoka nyuma. Meli haikuzama, ilivutwa hadi bandarini ikiwa inafuka, na pale walipohesabiwa wawili hawakuwapo, kaka na mwingine mmoja. Wakala wa meli aliyaleta gatini mabegi yaliyookolewa. Yule bwana akalichukua la mwenzake ili alifikishe nyumbani.

Wifi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akamwuliza, "Shemeji, ulimwona amekufa?"

"Sikumwona, shemeji."

"Kuna aliyemwona?"

"Hakuna. Kule chini kulikuwa hakuna wa kuona."

"Basi umeniletea mzigo wa mume wangu. Ahsante. Akirudi atakuja kukushukuru mwenyewe."

Yule bwana alimtazama mama, mama akanitazama mimi. Aliondoka kesho yake asubuhi. Kabla hajaenda stesheni, jirani aliangusha bati, na nikamwona mtu mzima yule amejishika kichwa kwa mikono yote miwili katikati ya ua wetu.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mama alitaka kulia na kumaliza. Wifi alikataa kukaa eda. Kwake yeye hesabu ilikuwa nyepesi: eda hukaa mjane, na mjane ni mtu aliyefiwa, na yeye hajaletewa maiti wala shahidi. Begi lile akalipandisha juu ya kabati chumbani kwake na kamba yake vilevile. Kwa watu wetu vitu vya marehemu hutolewa vikagawiwa ndugu, lakini mzigo wa msafiri haufunguliwi mpaka aje mwenyewe. Kwa hiyo kamba ile ilikuwa ndiyo ndoa yake. Siku itakayofunguliwa, kaka atakuwa amekufa.

Shehe wa mtaa aliitwa. Alimwambia wifi kwa upole, "Binti yangu, mtu aliyepotea ana hukumu zake. Wanachuoni wamehitilafiana, wengine wanataka miaka kadhaa ipite. Sitakulazimisha leo, lakini usijifanyie sheria yako." Wifi akasema atasubiri hiyo miaka, na ikipita ataomba mingine.

Tulikwenda naye Dar es Salaam kutafuta wa kumwuliza. Katika ofisi moja ya mawakala tulielezwa kwamba meli ile ina wenyewe katika nchi moja, bendera yake ni ya nchi ya pili ambayo wenye meli hawajawahi kuikanyaga, na mabaharia waliandikwa kazi na watu wa nchi ya tatu. Karani alikuwa kijana mpole, akatupa na maji ya kunywa. Wifi alitaka kujua ni serikali ipi basi inayolinda mahali pale alipopotelea mumewe. Karani akasema bahari ile haina mwenyewe, meli zote duniani zina haki ya kupita. Wifi alilirudia neno hilo ndani ya treni mpaka Tabora. Zina haki ya kupita.

Mimi nilikuwa upande wake. Nilipenda ujeuri wake, na nilipenda pia kudhani kwamba kaka yuko mahali, amepoteza kumbukumbu, anatengeneza injini ya watu wengine. Lakini nyumba ile ilinishinda. Msimu wa joto bati lilipowaka, begi lilitoa harufu yake ikashuka kutoka juu ya kabati, ikaingia kwenye unga, kwenye mito ya kulalia, kwenye vitambaa vya wateja. Mteja mmoja alirudisha gauni la harusi akisema linanuka gereji. Mchana mmoja niliingia chumbani bila hodi nikamkuta wifi amesimama juu ya kigoda, amelilaza shavu kwenye lile turubai, macho wazi. Hakushtuka. Aliniambia nifunge mlango, harufu inapotea.

Mama naye aliingia katika uchungu wa namna nyingine. Kila mlango ulipolia alinyanyua kichwa. Alisema mtoto wake anazunguka, hana pa kukaa, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha mahali. Kwao Didia alitaka kufukia kitu chake, hata kama ni shati, karibu na makaburi ya babu zake, ili ajue kwamba amefika. Aliposikia hivyo wifi akasema kufukia shati la mtu aliye hai ni kumwua. Mama akamwuliza, "Mkamwana, wewe unamlinda mwanangu au unalinda begi?" Na wifi akajibu kwamba kwa sasa hana namna ya kuvitenganisha. Baada ya hapo mama alifunga virago, akahamia Didia kwa kaka zake.

Mimi nikaenda Geita. Nilisema nakwenda kutafuta riziki, na ni kweli, machimbo ya dhahabu yalikuwa yameanza kujaa watu, na watu hao walitaka kula. Lakini nilikuwa naikimbia harufu. Nilinunua dagaa kwenye mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, upande ule wa ziwa, nikawapelekea wachimbaji, nikalala katika vibanda vya nyasi pamoja na watu kutoka kila mkoa, na tangu wakati huo sijaweza tena kukaa nyumba moja zaidi ya msimu.

Asubuhi moja kabla jua halijachomoza nilikuwa ndani ya mtumbwi wa injini tukivuka kwenda mwalo wa pili. Mwenye mtumbwi alizima karabai ghafla. Akasema kwa sauti ndogo kwamba maji haya siku hizi yana wenyewe. Wezi walikuwa wakiwafuata wavuvi, wanachukua injini na nyavu, na mvuvi akibishana wanamtosa. Tukaenda gizani, hakuna anayekohoa. Nilikuwa nimeshika ukingo wa mtumbwi, na kwa mara ya kwanza nikamjua kaka yangu alivyokuwa: mtu aliyekaa ndani ya chombo, hana ugomvi na mtu, anasikiliza maji.

Kulipopambazuka tuliuona mtumbwi unaelea peke yake. Mahali pa injini palikuwa na skrubu tu. Ndani kulikuwa na sufuria, na ndani ya sufuria ugali ambao ulikuwa haujamegwa. Tuliuvuta mpaka mwaloni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika dagaa aliutambua kutoka mbali, akaketi palepale mchangani, akavua kitambaa cha kichwa, akaanza kulia kilio cha msiba. Hakuuliza kama kuna aliyeuona mwili. Wenzake waliacha kazi wakaja kukaa naye, na mchana matanga yalikuwa yamekwisha kuwekwa.

Nilikaa nao kwa siku kadhaa. Nilipomzoea nilimwuliza kwa nini hakusubiri, huenda mumewe aliogelea akatokea kwingine. Alinitazama kama anayemtazama mtu asiye na wazimu lakini anayeuelekea.

"Dada, nisipomlilia siku mtumbwi umerudi, nitamlilia siku gani?" akasema. "Wiki ijayo mtumbwi huo una mtu mwingine ndani."

Maneno hayo ndiyo yaliyonirudisha Shinyanga. Njia nzima ilikuwa ya kungoja. Basi lilikosa dizeli, tukakaa stendi na mizigo yetu, na abiria mmoja akaeleza kwamba tutashika tama sana mwaka huu maana meli za mafuta zinapigwa huko Uarabuni. Watu wakamlaani dereva hata hivyo.

Nilipitia Didia kwanza. Mama alikuwa amelala kwenye nyumba ya kaka yake mkubwa, macho yake yameingia ukungu, miguu imevimba. Alinijua kwa sauti. Hakuniuliza habari za Geita. Alisema, "Ng'wanawane, mwanangu, nenda kamwambie mkamwana wangu simtaki anipe begi. Anipe shati moja tu. Nimalize kazi yangu."

Wifi nilimkuta kwenye cherehani. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza yote bila kupamba, ugali ndani ya sufuria, mwanamke wa mwaloni, macho ya mama. Aliendelea kushona mpaka akamaliza upindo. Kisha akakata uzi kwa meno, akaingia chumbani, akatoka na begi amelipakata.

"Shika kamba upande huo, wifi," akasema. "Mikono yangu haitaki."

Fundo lilikuwa limekauka, ikabidi tutumie mkasi wa baba. Harufu ilitoka kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango. Juu kabisa kulikuwa na shati la mikono mirefu, la samawati. Wifi alilikunjua, akalishika mabegani, na nikamwona anafanya kile anachofanya kwa nguo yoyote: akapima bega hadi bega kwa shubiri yake. Akapima tena. Kaka yangu alikuwa mtu mwembamba. Shati lile lingewaingia kaka wawili. Akateremka na vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Uzi wake ulikuwa mweupe.

Tukatoa kila kitu. Suruali za mtu mnene. Rozari ya mbao. Viatu vya mguu mkubwa, soksi zimekunjwa ndani yake vizuri. Na picha ya mwanamke mfupi, nywele nyeusi zimenyooka, macho membamba, amesimama mbele ya nyumba yenye makopo ya maua, na nyuma ya picha maneno mawili ya lugha ambayo hatukuijua. Mabegi ya meli ile yote yalikuwa yametoka duka moja. Lile la buluu lilikuwa la yule wa pili aliyepotea pamoja na kaka.

Wifi aliiweka picha mapajani.

"Miaka yote hii," akasema, "nimemlinda mume wa mtu."

Akaanza kucheka, kile kicheko cha siku ya bomba. Nikamshika. Alipopata pumzi alisema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema yule mwanamke wa pichani naye ana begi. Amelifungua au hajalifungua. Kama hajalifungua, anashinda ananusa shati lenye uzi mwekundu na kudhani ni mumewe. "Mmoja wetu lazima aache kwanza," akasema.

Tukaenda Didia kwa lori la pamba. Alilichukua lile shati la samawati, amelifua na kulipiga pasi, lakini sabuni haikuiondoa harufu yote. Njiani tulikubaliana kwamba mama hataambiwa. Wifi alipiga magoti kando ya kitanda, akasema shikamoo mama, mama akaitikia marahaba na kunyoosha mikono. Shati likawekwa mikononi mwake. Alilipapasa kola, akateremka mikono, akalipanua kifuani, akarudia kulipanua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Amenenepa," mama akasema.

"Ndiyo, mama," wifi akajibu. "Walikuwa wanakula vizuri."

Mama akalileta shati puani. Alikaa nalo hapo. Mpaka leo sijui alijua nini, maana mkono wake ulikwenda kwenye kifungo cha mwisho na ukakaa hapo muda mrefu, kidole kinazunguka, ingawa macho yake yasingeweza kuiona rangi ya uzi. Kisha akalikunja mwenyewe, akampa kaka yake, wakaenda kulifukia pale alipotaka. Shehe aliposikia alisema jambo la shati hawezi kulitia katika dini, lakini pia hatakuja Didia kufukua. Ijumaa iliyofuata, yeye na wazee wa msikiti walikubaliana kwamba muda uliopita unatosha, wakamswalia kaka sala ya asiyekuwepo. Jioni ile wifi alivaa nguo nyeupe akaanza eda yake. Mama hakufika mwisho wa mvua za mwaka huo. Alikwenda kwa utulivu, mlango wazi.

Wifi baadaye aliolewa tena, na mpima pamba, mtu mwema, mitaa miwili kutoka nyumba ya zamani. Nguo zilizobaki za yule baharia wa pili alizifua zote, akazikunja, akazirudisha begini pamoja na rozari, na begi liko kwake, limefungwa kwa kamba mpya. Nilimwuliza kwa nini. Akasema si mzigo wake kuugawa. Lakini picha aliitoa, akaitia fremu, akaitundika sebuleni. Wageni wakiuliza yule mwanamke wa Kichina ni nani, yeye hujibu bila hata kuacha kushona.

"Ni mke mwenzangu."

Mumewe amezoea.

Mimi nimepita bandari nyingi tangu wakati huo, Tanga, Mombasa, Mwanza, kwa biashara ambazo nyingine sizikumbuki tena. Vita ile iliisha na meli zinapita. Pale gatini, wanaume wakishuka wamechoka, mizigo begani, siwatazami nyuso. Natazama kifungo cha mwisho.